YAKINI NA YAMKINI

Katika Kiswahili yamo maneno mawili ambayo sauti zake zinakaribiana na maana zake zimeachana mbali. La kwanza ni yakini, yaani ujuzi usio na shaka ndani yake. La pili ni yamkini, yaani jambo ambalo huenda likawa na huenda lisiwe. Yote mawili yalitoka katika Kiarabu, na yote mawili yamekwisha kuwa wenyeji kwetu. Wanafunzi huyachanganya katika insha zao, nasi huyasahihisha kwa wino mwekundu. Kosa hilo la mwanafunzi ni dogo. Lililo kubwa ni la watu wazima wanaoyajua maneno yote mawili, wakachagua kuishi na moja tu. Kwao hakuna yamkini. Kila walisemalo ni yakini, ama kwa jina la sayansi, ama kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Ndugu waalimu, rai ninayoileta mbele yenu ni hii. Sayansi na dini, zikiwa katika mikono ya mabingwa wake, hutaja mipaka yake waziwazi. Mipaka hiyo hufutwa na wafuasi, na aghalabu hufutwa kwa maneno: neno moja likaondolewa hapa, jingine likatiwa pale, na dhana ikageuka kuwa hakika. Madhali mipaka hufutwa kwa maneno, sisi tunaofundisha maneno hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni la mwalimu wa fizikia na la mwalimu wa dini peke yao.

"Sayansi imethibitisha"

Ni vigumu kupata kauli inayopendwa na wanafunzi wetu wa kidato cha tano na cha sita kuliko hii: "Sayansi imethibitisha." Haisemwi ni nani aliyethibitisha, wala lini, wala kwa kipimo gani. Sayansi imefanywa kuwa mtu, tena mzee wa baraza ambaye akisema hakuna wa kujibu. Wanaoitamka kauli hii hujiona kuwa wameuacha ushirikina. Kumbe wamehama nyumba tu, na desturi ni ile ile ya kulikubali neno kwa sababu ya ukubwa wa jina la aliyelisema.

Na wakitazame kisa cha Urbain Le Verrier, mtaalamu wa Ufaransa wa hesabu za nyota. Katika karne ya 19 ilionekana kwamba sayari ya Uranus haifuati barabara njia ambayo kanuni za Newton ziliiwekea. Le Verrier alishika kalamu, akakokotoa, akasema kwamba lazima iko sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta, na akataja mahali pake mbinguni. Tarehe 23 Septemba 1846, huko Berlin, Johann Galle alielekeza darubini upande ule, na usiku ule ule akaiona sayari ya Neptune, karibu sana na pale ilipotajwa. Ni nani angaliweza kumlaumu mtu ambaye siku ile angalisema kwamba kanuni za Newton ni yakini tupu?

Walakini sayari ya Utaridi, ambayo vitabu vingine huiita Zebaki, nayo ilikuwa na ukaidi wake. Njia yake ilikuwa ikigeuka mwelekeo polepole kupita vile hesabu zilivyoruhusu. Ziada hiyo ni ndogo mno: ni sekunde 43 za pembe kwa kila miaka 100, na digrii moja ina sekunde 3,600. Mwaka 1859 Le Verrier yule yule, kwa njia ile ile iliyompa ushindi wa kwanza, alisema kwamba huko karibu na jua lazima kuna kitu kingine kinachoivuta Utaridi. Sayari hiyo ikapewa jina la Vulcan. Wakatokea hata watu waliosema kwamba wameiona. Haikuwapo, wala haipo. Mwaka 1915 Albert Einstein aliueleza ukaidi wa Utaridi bila ya sayari mpya, kwa kuisahihisha kanuni yenyewe ya Newton juu ya nguvu ya uvutano.

Mtu ni yule yule, elimu ni ile ile, kalamu ni ile ile. Mara ya kwanza alipata, mara ya pili alikosa, na kabla ya darubini kuelekezwa mbinguni hapakuwa na alama yoyote katika hesabu zake ya kuonyesha ipi itakuwa ya kweli na ipi itakuwa ya uongo. Sayansi haikuanguka kwa sababu ya Vulcan. Heshima yake yote imo katika kwamba ilikuwa tayari kutazama, na ilipotazama ikakosa, ilikubali. Anayesema "sayansi imethibitisha" kwa sauti ya kuufunga mjadala anaisifu sayansi kwa sifa isiyo yake, na kuificha ile iliyo yake.

Swali la Mpemba

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi, tena ulizaliwa shuleni. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, kijana Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuyachemsha maziwa pamoja na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Siku moja nafasi ya jokofu ikawa inagombewa, naye akayatia yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipomwuliza mwalimu sababu yake, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akafanyiwa mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake. Hakuacha. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipoizuru shule hiyo, Mpemba alimwuliza swali lile lile huku wenziwe wakicheka. Osborne hakuwa na jibu. Aliahidi kwamba jambo hilo litajaribiwa, likajaribiwa, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala kwa pamoja.

Wengi hukisimulia kisa hiki ili kujisifia Uafrika, nami sina ugomvi na fahari hiyo. Ila somo lake ni jingine. Waliomcheka Mpemba walikuwa na kitabu mkononi, na yaliyomo katika kitabu kile hayakuwa ya kipuuzi. Upungufu wao ulikuwa kwamba walilijibu kwa kitabu swali ambalo lilihitaji kujibiwa kwa jokofu. Osborne alikuwa amesoma vitabu vile vile, lakini alijua mahali ambapo kitabu chake kinaishia.

Wala tusimgeuze Mpemba kuwa nabii. Wataalamu hawajaafikiana hata leo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walichapisha matokeo ya majaribio yao, wakasema kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha wa jambo hilo, na wengine wangali wanalitetea. Jina la kijana wa Magamba limo katika fizikia ya ulimwengu mzima, na jambo lenyewe lingali ni yamkini. Mwanafunzi anayeandika kwamba "sayansi imethibitisha" kuwa maji moto huganda upesi kuliko ya baridi amekosea sawa na yule aliyecheka.

Yakini ya kuuza

Sasa niwageukie ndugu zangu wa upande wa pili, wasije wakadhani kwamba wamesalimika.

Hapa Uganda hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Huko Kanungu, kusini-magharibi ya nchi yetu, palikuwa na kikundi kilichojitangaza kuwa kinazirejesha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake walifundisha kwamba mwaka 1999 ukiisha, dunia nayo itakwisha. Hawakusema yamkini. Waumini waliuza walivyokuwa navyo. Tarehe 31 Desemba ikapita, jua la mwaka 2000 likachomoza kama majua mengine, na waliouza mali zao wakaanza kuuliza. Tarehe 17 Machi 2000 nyumba yao ya ibada iliteketea kwa moto hali imefungwa, na watu waliokuwa ndani wakafa, watoto wakiwa miongoni mwao. Baadaye maiti nyingine zilifukuliwa katika majumba ya kikundi hicho. Jumla yao ni mamia. Na wala hatukujifunza vya kutosha, kwa maana mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, zilianza kufukuliwa maiti ambazo hesabu yake ilipita 400, za watu ambao, kwa madai yaliyopelekwa mahakamani, walifundishwa kwamba kujinyima chakula hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu.

Nitaambiwa kwamba wale walikuwa wapotovu, na kwamba si haki kuwapima waumini wote kwa wapotovu. Ni kweli. Lakini nauliza: muumini wa kawaida alikuwa na kipimo gani cha kuwatambua kabla ya moto kuwaka? Alikuwa amelelewa kuona kwamba kuuliza ni upungufu wa imani, na kwamba mhubiri asemaye kwa sauti kuu isiyotetereka ndiye aliye karibu zaidi na Mungu. Mtu aliyelelewa hivyo hana ngao. Hata lugha yenyewe humtega. Shaka na mashaka husikika kama umoja na wingi wa kitu kimoja, ilhali mashaka kwa maana ya taabu yana asili nyingine katika Kiarabu. Nasi tumezoea kuiogopa shaka kana kwamba ni taabu, na kumkimbilia yeyote anayetuahidi kuiondoa.

Tena aliyetangaza siku ya kiyama alikuwa ametoka nje ya kitabu chake mwenyewe. Injili ya Mathayo inaeleza kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba. Kurani nayo inafundisha kwamba ujuzi wa Saa uko kwa Mwenyezi Mungu. Dini hizi mbili, ambazo wafuasi wake hushindana kwa yakini, zimekutana katika kuinyima yakini mahali hapo hapo.

Imani na amana

Wala sisemi kwamba imani ni ujuzi mbovu, au ujuzi ambao haujakomaa. Hilo ndilo kosa la wale wanaopanga mjadala wa shule kwa mada isemayo "Sayansi ni bora kuliko dini," kama kwamba ni timu mbili katika uwanja mmoja. Tulitazame neno lenyewe. Imani, amini, amana na uaminifu ni ndugu wa tumbo moja. Mtu huweka amana yake kwa mtu anayemwamini. Katika asili yake, basi, kuamini ni kujikabidhi. Mke anayemwamini mume aliye safarini hajampima katika maabara, na hakuna atakayesema kwamba neno lake halina uzito. Muumini asemaye "naamini" amesema jambo kubwa, na amelisema kwa jina lake halisi. Akilibadilisha likawa "najua," hajaiinua imani yake. Ameiuza kwa bei ya kitu kingine.

Wakuu wa dini waliijua tofauti hiyo. Elimu ya Kiislamu imeigawa hata yakini yenyewe katika daraja: yakini ya kujua kwa habari, yakini ya kuona kwa jicho, na yakini ya kulionja jambo lenyewe. Na mwanachuoni wa kweli, akisha kutoa fatwa yake kwa dalili na hoja, humaliza kwa "Wallahu aalam," yaani Mungu ndiye ajuaye zaidi. Katika Injili, Tomaso aliyetaka kuona alama za misumari hakufukuzwa katika idadi ya wanafunzi. Alionyeshwa.

Na katika maabara je? Mtafiti mwaminifu akipima kitu haandiki tarakimu moja akanyamaza. Huongeza kando yake alama ya kujumlisha na kutoa, kuonyesha kwamba kipimo chake huenda kimezidi kwa kiasi hiki au kimepungua kwa kiasi hiki. "Wallahu aalam" ya mwanachuoni na ile alama ndogo ya mpimaji ni adabu moja iliyovaa kanzu na koti. Wanafunzi nusu nusu wa pande zote mbili huifuta kwanza adabu hiyo, kwa kuwa haina kishindo. Debe tupu haliachi kuvuma.

Faida ya adabu hiyo huonekana katika suala la mwandamo wa mwezi, ambalo kila mara huwagawa Waislamu wa Afrika Mashariki mwanzoni na mwishoni mwa Ramadhani. Humo mna maswali matatu. Mwezi na jua vitakutana dakika gani? Mtaalamu wa falaki huitaja dakika hiyo miaka mingi kabla yake, na hiyo ni yakini ya hesabu. Je, mtu aliyesimama ufukoni Lamu atauona mwezi jioni hiyo? Hapo huingia kimo cha mwezi juu ya upeo wa macho, mawingu, vumbi, na uzima wa jicho lenyewe. Mtaalamu atasema yamkini. Je, ushahidi wa walioona katika nchi ya mbali unawalazimu walio hapa? Hilo darubini haina neno nalo. Ni la wanazuoni wa fikihi, nao wametofautiana tangu zamani kwa hoja zenye heshima. Maswali matatu, kila moja na wenyewe. Ugomvi wetu hutokana na kuyafunga yote katika kamba moja, kisha kila mtu akavuta upande wake kwa yakini.

"Ni nadharia tu"

Nawaona watakaonishangilia mpaka hapa kwa sababu mbaya. "Kumbe hakuna ajuaye! Basi kila mtu na ukweli wake." Hao nawakataa kuliko wale wawili wa kwanza, kwa kuwa uvivu wao huvaa nguo za unyenyekevu. Silaha yao ni neno nadharia. Husema, "Hiyo ni nadharia tu," wakimaanisha fununu. Katika lugha ya wataalamu, dhana isiyojaribiwa bado huitwa nadharia tete. Nadharia kamili ni maelezo yaliyopita katika majaribio mengi na kusimama. Kwamba vijidudu huleta maradhi, hiyo nayo ni nadharia. Na asiyeisadiki na anywe maji ya kinamasi.

Kukosa yakini kamili hakuzifanyi dhana zote kuwa sawa. Kanuni za Newton, ambazo Einstein alizisahihisha, zingali zinamtosha mhandisi ajengaye daraja. Ugonjwa wa ndui uliwaua watu wasiohesabika kwa karne nyingi. Mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida alionekana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba umetokomezwa. Waliochanja watu kijiji kwa kijiji hawakungoja yakini ya malaika. Walikuwa na ushahidi unaotosha kwa tendo lililokuwa mbele yao, na huo ndio wanadamu tunaopewa. Dalili ya mvua ni mawingu. Mwenye busara huanua nguo zake bila kuapa kwamba lazima itanyesha.

Kazi yetu darasani

Haya yote yanamjia mwalimu wa Kiswahili katika mambo madogo sana. Lugha yetu ina ngazi nzima ya ujuzi: najua, nina hakika, naamini, nadhani, huenda, yamkini, sijui. Tunaifundisha kama orodha ya visawe, mwanafunzi achague lolote lipendezalo sikioni. Si visawe. Kila kimoja ni kidato katika ngazi, na anayeruka vidato huanguka. Wapo wasahihishaji wanaokata alama kwa sababu mwanafunzi ameandika "huenda," wakisema kwamba hoja yake haina nguvu. Na wakate kwa "sayansi imethibitisha" isiyotaja aliyethibitisha, na kwa "inasemekana" isiyotaja msemaji.

Tunawapa watoto methali "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," waitungie kisa, na kila kisa humalizika kwa uvumi kuwa kweli. Tuwape pia kazi ya kuipinga. Waandike juu ya lile lililosemwa Kanungu, ambalo halikuwapo wala halikuja.

Mwenzangu mmoja atanijibu kwamba kuwafundisha watoto kuuliza ni kuwabomolea imani, na kwamba wazazi hawakuwaleta shuleni kwa hilo. Namjibu kwa heshima. Imani isiyoweza kusimama mbele ya swali la mtoto wa miaka 16 itasimamaje mbele ya mtu anayekuja kijijini kuuza tarehe ya kiyama? Mzazi aliyetukabidhi mtoto ametuwekea amana, na sehemu ya amana hiyo ni kumpa maneno ya kujilinda nayo.

Atakayenipinga na aandike; kurasa hizi ni zetu sote, nami nitamsoma kwa makini. Ila ninamwomba sharti moja: anionyeshe katika hoja zake ipi ni yakini na ipi ni yamkini.